Miezi sita hailindi ukaazi wa kudumu wa Marekani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nisahihishe jambo moja lililomo katika makala ya gazeti lako kuhusu Watanzania waishio Marekani wanaorudi nyumbani kufanya kazi za mkataba. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na nilifurahi kuona kwamba mwandishi alizungumza na wauguzi, walimu na mafundi badala ya kuishia kwa viongozi. Lakini katika aya ya mwisho aliandika kwamba mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi, anaweza kufanya kazi popote duniani kwa miaka apendayo, mradi arudi Marekani kila baada ya miezi sita. Maneno hayo nimeyasikia kanisani, harusini, misibani na katika makundi ya WhatsApp tangu nilipofika Ohio mwaka 2014. Mimi mwenyewe niliyaamini na kuyafuata bila kukosea hata siku moja, na yakanifikisha kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha mahojiano cha kiwanja cha ndege, nikakaa humo kwa muda wa saa nne bila kujua kama usiku ule ningelala kwangu au ningerudishwa nilikotoka.

Mimi ni muuguzi. Mwishoni mwa mwaka 2021 chuo kimoja cha uuguzi nchini Tanzania kilinipa mkataba wa miaka miwili wa kufundisha wakunga, kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2023. Hospitali ninayofanyia kazi hapa ilinikubalia likizo bila malipo, mume wangu na watoto wetu wawili wakabaki Columbus kwa sababu ya shule, nami nikaondoka na hesabu yangu ya miezi sita kichwani. Julai 2022 nilirudi nikakaa siku kumi. Januari 2023 nilirudi tena nikakaa siku kumi na mbili, nyingi kati ya hizo nikiwa nimelala kwa mafua. Sikuwahi hata mara moja kufikisha siku 180 mfululizo nje ya Marekani, na tiketi nilikuwa nazikata kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Niliporudi mara ya tatu, Julai 2023, afisa aliyekuwa kibandani aliifungua pasipoti yangu, akaanza kuhesabu mihuri ya Tanzania kwa ncha ya kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaandika namba mbili kwenye kipande cha karatasi na kukigeuza ili nami nizione. Namba ya kwanza ilikuwa jumla ya siku nilizokaa nje tangu mwaka uliotangulia. Ya pili ilikuwa 22. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ninaishi wapi.

Swali hilo, Mhariri, ndilo kiini cha sheria nzima. Siku 180 zina maana yake kisheria, ila si ile tunayoambiana. Mkaazi wa kudumu anayerejea ndani ya siku hizo kwa kawaida hahesabiwi kuwa anaomba upya ruhusa ya kuingia nchini. Akizizidisha kwa mfululizo, anaweza kuhesabiwa hivyo na kuulizwa yale yote anayoulizwa mwombaji mgeni. Akikaa nje mwaka mmoja au zaidi, kadi yenyewe haikubaliki tena kama hati ya kuingilia, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake bado haijafika kwa miaka sita. Mpaka hapo wengi wanafahamu. Wasichokifahamu ni kwamba kifungu hicho hicho cha sheria kinachotaja siku 180 kinamtaja pia, tena mwanzoni kabisa, mkaazi aliyeitelekeza hadhi yake, na kwa huyo hakuna idadi yoyote ya siku iliyowekwa. Mtu anaweza kuitelekeza hadhi yake akiwa nje kwa miezi mitatu tu, ikiwa ameuza nyumba, amehamisha familia na ameajiriwa kwingine bila mwisho. Na mwingine anaweza kukaa nje zaidi ya mwaka na bado akawa mkaazi halali, kwa sababu safari yake ilikuwa ya muda na yeye anaweza kuonyesha hivyo.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1988 Bodi ya Rufani za Uhamiaji ya Marekani iliamua shauri linalojulikana kwa jina la Huang, la mama mmoja na watoto wake waliokuwa wakiishi Japani kwa sababu mume alikuwa na masomo na kazi huko. Walikuwa wakija Marekani kwa muda mfupi mfupi, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, ili kuilinda hadhi yao. Bodi ilisema kwamba kutaka kubaki na hadhi ya ukaazi, peke yake, hakutoshi. Lazima mambo ambayo mtu ameyatenda yaonyeshe kwamba huko nje alikwenda kwa muda na kwamba nyumbani kwake pamebaki Marekani. Walishindwa. Nilisoma uamuzi huo baada ya yaliyonipata, usiku, jikoni kwangu, na nilisikitika kwamba jambo lililoamuliwa kabla sijamaliza shule ya msingi halijawahi kufika katika mikutano yetu ya jumuiya, ambako tunajadili kila kitu kuanzia michango ya misiba hadi bei ya kusafirisha magari.

Anayekuhoji anatafuta vitu vya kawaida vya maisha. Anataka kujua safari ilikuwa na sababu gani mahususi na ingekwisha lini, mke au mume na watoto wako wapi, kodi ya pango inalipwa na nani, ajira ya Marekani imesitishwa kwa muda au imekatwa, leseni ya udereva ni ya jimbo gani, na ritani ya kodi ilijazwa vipi. Mimi nilikuwa na bahati ambayo sikuipanga. Katika mkoba wangu kulikuwa na bahasha ya kaki ambayo mume wangu aliniwekea Januari, akisema tu kwamba karatasi hazina uzito. Ndani yake kulikuwa na barua ya hospitali ya likizo bila malipo yenye tarehe ya kurudi kazini, nakala ya mkataba wa nyumba yetu wenye majina yetu wote wawili, ritani ya kodi ya mwaka uliopita, na barua ya shule ya watoto. Mkataba wangu wa chuo ulikuwa kwenye simu, na ule ndio alioutazama kwa muda mrefu zaidi, hasa mstari mmoja unaosema kwamba ajira itakwisha tarehe 31 Desemba 2023. Alinirudishia vitu vyangu, akaniambia niende nyumbani, na akanionya kwamba nikiondoka tena kwa mtindo ule nisitegemee jibu lile lile. Hakunitukana wala kunidharau. Alifanya kazi yake, na nilipaswa kuwa nimejua kazi yake ni ipi.

Kitu nilichopaswa kukifanya kabla ya kupanda ndege ya kwanza kinaitwa kibali cha kuingia tena. Huombwa kwa fomu I-131, na sharti lake kubwa ni kwamba mwombaji awe ndani ya Marekani siku anapoiwasilisha. Ukishafika Dar es Salaam au Nairobi umechelewa, ubalozi hauwezi kukupokelea ombi hilo. Baada ya hapo unaitwa kuchukuliwa alama za vidole, nako ni huko huko Marekani. Mtu anaweza kuondoka akiwa amewasilisha fomu na ombi likaendelea, lakini akiitwa alama za vidole asitokee, ombi linaweza kukataliwa kwa kuhesabiwa kuwa ameliacha, kwa hiyo mwenye busara husubiri alama kwanza ndipo asafiri. Kibali chenyewe ni kijitabu kinachofanana na pasipoti, na mwombaji anaweza kuchagua kukipokelea ubalozi wa Marekani katika nchi anayokwenda, jambo linalosaidia sana kwa sababu majibu huchukua miezi mingi. Kwa kawaida hudumu miaka miwili, hakiongezwi muda, na anayetaka kingine lazima arudi Marekani kukiomba upya. Aliyekwisha kukaa nje zaidi ya miaka minne kati ya mitano iliyopita kwa kawaida hupewa cha mwaka mmoja tu. Napenda kusisitiza pia kwamba hata kibali hiki si kinga kamili. Kinachofanya ni kuzuia urefu wa safari peke yake usiwe sababu ya kusema umeitelekeza hadhi yako. Mengine yote, familia, nyumba, kodi, bado yanaweza kuulizwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo halimhusu afisa yeyote wa Marekani bali sisi wenyewe. Nilipopewa mkataba ule mwaka 2021, niliuliza kama naweza kuanza Machi badala ya Januari ili nishughulikie karatasi za uhamiaji. Niliambiwa kwamba nafasi ina waombaji wengine na kwamba mtu aliye tayari kulitumikia taifa haombi miezi miwili. Nikaona aibu, nikaondoka. Na baada ya yale ya Julai 2023, nilipobaki Columbus ili niwasilishe fomu na kungoja alama za vidole, ambazo niliitwa baada ya wiki tano, chuo kile kilinikata mshahara wa muda wote huo na kuandika katika faili langu kwamba nilikuwa mtoro. Wanafunzi wangu, wasichana waliotoka vijijini kujifunza kazi ya kuokoa wazazi na vichanga, walikaa wiki tano bila mwalimu wa zamu za usiku wodini. Sikuandika haya kulipiza kisasi, na ndiyo maana sikitaji chuo hicho. Ninaandika kwa sababu kila mwaka viongozi wetu wanakuja huku kutuomba turudishe ujuzi nyumbani, na ombi hilo ni la haki, lakini wanaoandika mikataba hawajui, au hawajali, kwamba mtu wanayemwita ana jambo moja la lazima la kukamilisha kabla ya kupanda ndege, na kwamba kulikamilisha kunahitaji wiki kadhaa tu.

Mkataba wenyewe pia una uzito kuliko tunavyodhani. Nimewahi kuonyeshwa mkataba wa mwenzetu mhandisi aliyeajiriwa na kampuni moja ya ujenzi nyumbani. Umeandikwa kuwa ni ajira ya kudumu yenye mafao ya uzeeni, ilhali yeye na mwajiri wake walikubaliana kwa mdomo kwamba ni kazi ya miezi kumi na minane. Mhandisi huyo alikuwa anaujivunia. Mbele ya afisa au jaji wa uhamiaji, karatasi ile inasema kwamba amehamia Tanzania, na maneno ya mdomo hayataifuta. Waajiri wanaotaka watu wa ughaibuni waandike tarehe ya mwisho, waandike kazi mahususi inayofanywa, na kama kuna nyongeza iandikwe kuwa nyongeza na sababu yake.

Kwa aliyekwisha kupitiliza mwaka mmoja bila kibali, mlango uliobaki ni viza ya mkaazi anayerejea, inayoombwa ubalozini. Hapo lazima athibitishe kwamba aliondoka akiwa mkaazi halali na akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kuchelewa kwake kulitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Ugonjwa mzito unaweza kueleweka. Mkataba mzuri wa kazi uliouongeza mwenyewe kwa hiari ni vigumu sana kuuita jambo lililo nje ya uwezo wako. Ninamfahamu baba mmoja aliyezuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege akiwa na mizigo yake imekwisha kupimwa, kadi yake ikiwa bado na miaka mitano juu yake, kwa sababu alikuwa amekaa nje miezi kumi na minne.

Na wapo wanaofika kiwanjani wakawekewa mbele fomu I-407, ambayo ni ya kuirudisha hadhi ya ukaazi kwa hiari. Neno hilo la hiari lisipite bila kusikika. Afisa wa kiwanjani hana mamlaka ya kukuvua ukaazi. Mwenye mamlaka hayo ni jaji wa uhamiaji, na mbele ya jaji ni serikali inayobeba mzigo wa kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na usio na utata, kwamba umeitelekeza hadhi yako. Mtu anaweza kukataa kusaini na kuomba shauri lake lisikilizwe. Nimekutana na watu wawili waliosaini kwa uchovu wa safari, wakidhani ni karatasi ya kuruhusiwa kupita. Kwa mzee aliyetoka kwenye ndege baada ya saa ishirini, asiyesoma Kiingereza vizuri, ni rahisi mno kusaini.

Kuhusu kodi nitasema machache, kwa kuwa wenye ujuzi kunizidi wapo. Mkaazi wa kudumu anapaswa kuijulisha Marekani mapato yake yote ya duniani, hata kama mshahara wake wa Tanzania umekwisha kukatwa kodi huko, na kati ya nchi hizi mbili hakuna mkataba wa kodi ya mapato wa kumpunguzia usumbufu. Akiwa na akaunti za benki nje ya Marekani ambazo jumla yake imezidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, anapaswa kuzitaja pia. Lakini kosa linaloumiza zaidi ni la wale wanaojaza ritani ya mtu asiye mkaazi ili walipe kidogo. Kwa kufanya hivyo wameiandikia serikali, kwa saini yao, kwamba wao si wakaazi, na karatasi hiyo inatunzwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusichukue uraia tukaachana na wasiwasi huu. Kwa jirani zetu wa Kenya hilo linawezekana, kwa kuwa Katiba yao ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, ingawa hata wao wajue kwamba kibali cha kuingia tena hakiilindi ile miaka mitano ya ukaazi mfululizo inayotakiwa kwa uraia. Ukikaa nje mwaka mmoja au zaidi, mfululizo unakatika, na ukirudi unangoja walau miaka minne na siku moja kabla ya kuomba. Ipo fomu nyingine, N-470, ya kuulinda mfululizo huo, lakini ni ya wanaotumwa na serikali ya Marekani, makampuni ya Marekani, taasisi za utafiti zinazotambuliwa, mashirika ya kimataifa ambayo Marekani ni mwanachama na wa kazi za dini, tena baada ya kukaa Marekani mwaka mzima bila kutoka. Mwalimu aliyeajiriwa na chuo cha Tanzania hamo. Sisi Watanzania tuna shida nyingine. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Mama yangu amezikwa Bukoba, na sitaki kuingia Bukoba kwa viza. Wako wengi kama mimi, ambao kadi ya ukaazi kwao si kituo cha kupita kuelekea uraia. Ndiyo hati watakayoishi nayo hadi uzeeni, na kwa hiyo kila safari ya kikazi wanayoifanya nyumbani inapita juu ya hati hiyo.

Naomba basi, Mheshimiwa Mhariri, gazeti lichapishe sahihisho la aya ile kabla ya mwezi wa Desemba, wakati ambapo wenzetu wengi hukata tiketi na kusaini mikataba inayoanza Januari. Na ninaviomba vyuo na hospitali zinazotuajiri zikubali kuongeza sentensi moja katika mikataba yao: kwamba kazi itaanza baada ya mwajiriwa kuchukuliwa alama za vidole. Chuo changu kilikubali kuiandika katika mkataba wa mwenzangu aliyenirithi. Alianza wiki sita baada ya tarehe iliyopangwa awali, na kijitabu chake alikichukua ubalozini Dar es Salaam akiwa tayari anafundisha.

Wako mwaminifu,
Muuguzi Mtanzania, Columbus, Ohio